Kweupe na Maji

Kwa siku thelathini na sita mfululizo Advera Lugembe alikifuta kioo kwa mkono wake mwenyewe. Aliamka kabla ya jua, akatembea kutoka chumba cha wageni hadi uwanja wa kituo pale Ntalikwa, akapanda ngazi ya vidato vitano, akalipangusa kuba la kipimajua kwa kitambaa chenye unyevu na kisha kwa kikavu. Kuba lenyewe halikuzidi nusu ya chungwa. Chini yake palikuwa na kidoa cheusi kilichoupokea mwanga na kuugeuza kuwa namba, namba moja kwa kila dakika, kutwa nzima.

Asubuhi ya siku ya thelathini na saba alikaa na namba hizo mezani, akazilinganisha na zile za modeli yake, kisha akafunga kompyuta, akabaki ameiwekea viganja juu kama mtu anayezuia kifuniko cha chungu kisifunuke. Kioo kilikuwa safi. Alikisafisha yeye. Na bado mwanga ulipungua.

Kazi yake ya miaka kumi na miwili ilikuwa kujibu swali ambalo hata mtoto angeweza kuliuliza: mbingu isipokuwa na wingu, ni mwanga kiasi gani unaofika ardhini? Ukijua jua liko juu kiasi gani, mahali pameinuka kiasi gani, na hewa imebeba mvuke na vumbi kiasi gani, unaweza kulijibu bila kutoka nje. Wanaojenga mitambo ya umeme wa jua huihitaji namba hiyo kama mwashi anavyoihitaji timazi. Kwanza ujue ukuta ulionyooka ukoje, ndipo uuone uliopinda. Modeli ya Advera ilikubaliana na vituo vyote nchini isipokuwa kimoja. Tabora, kwao alikozaliwa, ilikataa. Katika siku zote zilizoandikwa kuwa hazina wingu, kipimajua cha Ntalikwa kilisoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane.

Miaka miwili iliyopita alikuwa ameieleza tofauti hiyo kwa sentensi moja ya ripoti, kwamba ilitokana na uzembe wa mtazamaji wa kituo katika kusafisha kioo. Aliiandika usiku mmoja Dar es Salaam, haraka, kwa sababu ripoti ilikuwa imechelewa na sentensi ilikuwa rahisi. Baada ya mwezi mradi ulioendesha kituo ulimwandikia barua mzee Prosperi Ntahomvukiye, aliyekitunza kituo kwa miaka tisa, kumshukuru na kumwachisha kazi.

Tangu hapo saa saba mchana ilimwia Advera saa ngumu. Kwa miaka tisa, kila siku ya Mungu, simu yake ililia saa hiyo. “Dokta, leo wingu tangu alfajiri.” “Dokta, leo kweupe.” “Dokta, leo maji.” Maneno hayakuzidi kumi. Lakini mama yake alipofariki, na mwanamume aliyempenda, aliyesema atarudi, asirudi, ikawa ndiyo sauti pekee katika siku nzima iliyompigia bila kumwomba kitu. Alikaa kwenye nyumba ya vyumba viwili ambamo sahani ya pili haikuwahi kutoka kabatini. Hata baada ya ile barua, ikifika saa saba mkono wake ulijiendea wenyewe kwenye simu, ukaishika, ukairudisha.

Sasa aliipiga namba ile ya zamani. Haikupatikana. Akachukua madaftari tisa ya mzee kutoka kabati la kituo, akayafunga kwa kamba, akaingia kwenye gari bovu la mradi na kuelekea Ulyankulu, kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi alikoishi mzee.

Barabara ilifuatana kwa kitambo na njia ya zamani ya misafara, ile waliyoikanyaga wapagazi wakibeba pembe na vitambaa kati ya pwani na Ujiji. Hao hawakuwa na saa. Saa sita yao ilikuwa ile ambayo mtu hukanyaga kichwa cha kivuli chake. Siku hizi saa sita ya Tabora huamuliwa na mstari wa ramani uliopita mbali upande wa mashariki, kwa hiyo mwishoni mwa Septemba jua hufika kileleni saa sita na dakika arobaini na mbili. Advera aliijua hesabu hiyo kwa moyo. Mara nyingi alijifikiria mwenyewe kuwa ni kitu cha namna hiyo, kilichofuata saa iliyowekwa kwingine. Pande zote mbili miyombo ilikuwa imetoa majani mapya mekundu, na chini yake ardhi ilikuwa nyeusi, imeungua.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na mbele yake mwanamke mnene mwenye kanga ya Kwaresima iliyopauka alikuwa akimenya mihogo.

“Hodi hapa.”

“Karibu. Kama ni dawa ya panya, tumeshanunua, na panya wameipenda sana.”

“Shikamoo mama. Siuzi kitu. Namtafuta mzee Prosperi. Naitwa Advera, natoka…”

Kisu kilisimama. “Advera wa saa saba?”

“Ndiye mimi.”

“Marahaba,” alisema yule mwanamke polepole, akimkagua toka viatu hadi utosini. Ndiye Stela, mkewe Prosperi. “Miaka tisa ugali wangu umepoa kwa ajili yako. Chakula kiko mezani, mwanamume yuko juu ya ngazi anapiga kelele, Dokta, Dokta! Nikamuuliza, huyo Dokta wako ana mume? Ananiambia, sijui, mimi namweleza habari za mbingu tu. Nikasema haya, za mbingu mwachie padre!” Kisha akageuza shingo kuelekea nyuma ya nyumba. “Prosperi! Njoo, mke mwenzangu amefika. Na ni mwembamba, hatakusaidia kulima.”

Mzee alitokea akiwa na kipande cha gome la mzinga mkononi. Mkono wa pili ulikuwa ukigusagusa ukuta. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, Dokta.” Alitafuta kigoda kwa mguu, akaketi. “Sauti yako imekonda.”

Hakumuuliza habari za safari. Hakumuuliza kilichomleta. Advera, aliyekuwa ameyapanga maneno yake kwa kilomita themanini, aliyaona yakimtawanyika kama kuku.

“Nimekuja kukuambia kwamba kioo kilikuwa safi.”

“Hilo nilikuwa nalijua.”

“Nimekifuta mwenyewe siku thelathini na sita, na namba ni zilezile. Nilikosea.”

“Nilisikia uliandika kitu juu yangu,” alisema Prosperi. “Waliniletea barua, lakini barua ilishukuru tu. Kijana wa ofisini ndiye aliyeniambia kuwa Dokta ameandika. Uliandika kwa lugha gani?”

“Kiingereza.”

“Basi wamesoma wengi. Na neno lenyewe, kwa Kiswahili, ni lipi?”

Advera alitazama mihogo ndani ya beseni. Alikuwa amelifundisha neno hilo mbele ya madarasa, amelisahihisha katika tasnifu za wengine, na hakuwahi kulitamka mbele ya mtu aliyepachikwa neno hilo.

“Uzembe,” alisema.

Stela aliinamia beseni. Akaendelea kumenya, ila sasa maganda yalitoka manene, na nyama ya muhogo ndani yake.

“Uzembe,” Prosperi alirudia, kama mtu anayepima uzito wa jiwe. “Asante. Nilikuwa nalikisia tu. Nilidhani ni wizi.”

Kisha, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kukaa na aibu isipokuwa kufanya kazi, Advera alifungua kamba ya madaftari.

“Nisaidie, mzee. Hapa kuna tarehe, hapa kuna alama yako kwamba kioo kimefutwa, na hapa kuna maelezo. Siku ulizoandika ‘kweupe’ ndizo nilizozitumia. Kioo safi, mbingu kweupe. Mwanga ulikwenda wapi?”

“Mwanga gani? Siku za kweupe mwanga ni mchache. Kila mtu anajua.”

“Mzee, kweupe ndiyo siku isiyo na wingu!”

“Simama, Dokta. Toka hapo kivulini. Tazama juu. Kuna wingu?”

Alitoka. “Hakuna hata moja.”

“Rangi yake?”

Advera alifungua kinywa aseme kweupe, akanyamaza. Alikuwa ameishi na mbingu kwa miaka kumi na miwili ikiwa namba, na namba hazina rangi. Sasa aliitazama. Kutoka upeo hadi upeo ilikuwa imepauka kama kioo cha taa kilichopuliziwa pumzi, na kulizunguka jua palikuwa na weupe mpana usio na ukingo. Harufu ya majani yaliyoungua ilikuwa puani mwake tangu Tabora, naye hakuwa ameihesabu.

“Nyeupe,” alisema.

“Basi. Kweupe. Watu wanachoma mashamba na misitu, nyuki wangu wanalewa, mbingu inakuwa nyeupe. Ndivyo nilivyoandika.”

“Lakini sisi tukisema kweupe…”

“Ninyi mmezaliwa na Kiswahili. Mimi nilikiokota hapa kambini, mwaka sabini na mbili, nina miaka kumi na mitano. Nilifundishwa hii ni nyeusi, hii ni nyekundu, hii ni nyeupe. Nikapewa kazi ya kuandika ninachokiona, nikaandika.”

“Hata jina lake halina kwao,” Stela alidakia bila kuinua macho. “Ntahomvukiye. Asiye na mahali alipozaliwa. Kiswahili chake kitatoka wapi?”

Advera hakucheka. Alilivuta daftari la juu. “Na zile siku ambazo hakuna wingu wala moshi? Uliandika nini?”

“Maji.”

“Maji?”

“Mvua ikishaosha, mbingu inakuwa ya maji. Ukitazama juu ni kama umechungulia kisima kirefu. Nilikuambia mara nyingi kwenye simu. Leo maji, Dokta. Na wewe kila mara unaniambia, pole mzee, basi futa kioo.” Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulisogea upande. “Nilikuwa nimeshafuta. Nikamwambia Stela, wasomi wana utani wao, nami siuelewi.”

“Alidhani unamtania,” alisema Stela. “Akawa anacheka peke yake, juu ya ngazi.”

Advera aliketi chini palepale, kwenye mchanga, akafungua kompyuta juu ya magoti. Namba za siku za maji zilikuwepo. Hakuwa amezifuta, maana hakuwahi kufuta namba yoyote katika maisha yake. Alikuwa amezitenga tu katika faili aliloliita ‘kioo kina maji’, akiamini ni umande au matone yaliyobaki juu ya kuba, na hakulifungua tena. Siku mia nne na kumi na moja. Aliiamuru modeli izipitie zote. Nukta zilianza kujitokeza moja baada ya nyingine, na kila moja ilitua juu ya mstari, kama siafu wanaorudi njia waliyoizoea. Hapakuwa na pungufu. Tabora haikuwa imekataa chochote. Alikuwa amezitupa siku zote zilizokuwa safi, akazihifadhi zile za moshi, na kwa hizo akamhukumu mtu.

“Zinasemaje?” Prosperi aliuliza.

“Zinakusema vizuri.”

Alipitia tarehe kwa kidole, kwa mazoea ya kazi, huku akipangusa macho kwa kiwiko. Hapo akaona jambo. ‘Maji’ ya mwisho ilikuwa tarehe tisa Aprili, mwaka elfu mbili na ishirini. Baada ya hapo ilikuwa wingu na kweupe, kweupe na wingu, mwaka mmoja na nusu, hadi barua. Hata Novemba. Hata Machi, baada ya mvua kubwa.

Angeweza kunyamaza. Baada ya alichomtendea, nani angemlaumu? Lakini alikuwa mtu wa kupima.

“Mzee, mbona mwishoni hakuna maji?”

Prosperi aliligeuza lile gome mkononi. Stela aliweka kisu chini.

“Mwambie.”

“Amekuja kuomba radhi, mwache aombe.”

“Mwambie, Prosperi.”

Mzee aliinua uso kuelekea sauti ya Advera, na mwanga mweupe ukamwangukia. Ndani ya mboni zote mbili palikuwa na kitu cha rangi ya maziwa.

“Mtoto wa jicho,” alisema. “Alikuja taratibu. Kwanza nilidhani wanachoma mapema mwaka ule. Halafu masika yakafika, nikatazama juu, kweupe. Kioo nilikifuta, hicho hakihitaji macho, vidole vinatosha. Wingu nililijua kwa ngozi, joto likikatika ghafla. Ila maji sikuyaona tena. Niliandika ninachokiona.”

“Ungeniambia.”

“Ningekuambia.” Alitikisa kichwa kukubali. “Na kesho yake, saa saba, ungeniuliza nini?”

Advera alifunga kompyuta. Alifikiria zile simu za mwaka ule wa mwisho, yeye katika chumba chake na mzee juu ya ngazi yake, kila mmoja akishikilia upande wake wa kamba.

“Kwa hiyo sikiliza,” Prosperi aliendelea. “Kosa lipo. Ila uliloandika si langu, na langu hukuliandika. Andika upya. Andika kwamba kioo kilifutwa siku zote. Andika na hiyo miezi kumi na minane, wasiiamini. Yote mawili. Kwa Kiingereza kwa hao waliosoma, na kwa Kiswahili hapa, leo, Stela anisomee.”

Advera alichana karatasi nyuma ya daftari la tisa. Aliandika kwa muda mrefu kuliko mistari yenyewe ilivyostahili. Stela aliipokea, akaishika mbali na uso, akasoma kwa sauti ya msomaji wa somo la kwanza kanisani: “‘Mimi Advera Lugembe niliandika kwamba mtazamaji wa kituo cha Ntalikwa alikuwa na uzembe. Si kweli. Kioo kilifutwa kila siku kwa miaka tisa. Maneno yake nilishindwa kuyaelewa mimi. Kuanzia Aprili mwaka elfu mbili na ishirini mtazamaji hakuweza kuona…’”

“Hapo,” Prosperi alikatiza. “Ondoa ‘hakuweza kuona’. Weka ‘aliona kweupe’.”

Advera alirekebisha. Mzee aliikunja karatasi mara nne na kuitia katika mfuko wa shati, kando ya rozari yake.

“Pale hospitali ya Kitete wanapasua macho,” Advera alisema akiwa amesimama kwenda. “Naweza kukupeleka.”

“Huyu?” alisema Stela. “Nyuki mia wakimuuma halii, lakini akisikia kisu anaanza kusali litania.”

“Nitafikiri,” alisema Prosperi. Hakumwambia karibu tena. Alimpa mkono, akauachia mapema.

Oktoba ilipita yote ikiwa nyeupe. Advera aliituma ripoti iliyosahihishwa, na aliyeijibu aliisifu kwa kuwa sasa ina moshi ndani yake. Kuhusu mtazamaji hakutaja neno. Nakala ya Kiswahili aliibandika mwenyewe ukutani mwa kituo, mahali ambapo hapakuwa na mpita njia ila mbuzi wa jirani. Likizo yake ya utafiti ilikuwa imekwisha, lakini aliongeza wiki, kisha wiki tena, akisema anasubiri data.

Mvua ya kwanza ilinyesha juma la pili la Novemba, usiku kucha. Asubuhi alipanda vile vidato vitano na kukausha kuba. Hakutazama juu hadi mchana, kwa makusudi, kama mtu anayejinyima futari hadi adhana. Saa sita na dakika thelathini na tatu, jua lilipofika kileleni, aliinua uso.

Ilikuwa kisima. Ilikuwa na kina kilichomfanya ashike ngazi.

Aliandika tarehe, akatia alama ya kioo, na katika nafasi ya maelezo akaandika: Maji. Saa saba ilipofika akapiga ile namba mpya ambayo Stela alikuwa amempa, na ambayo hakuwahi kuipiga. Ililia mpaka ikakata. Akasimama peke yake katikati ya uwanja uliolowa, kivuli chake kikiwa kidogo mno kando ya miguu yake. Akapiga tena.

“Haloo,” ilisema sauti ya Stela.

“Shikamoo mama. Ni Advera. Mzee yupo?”

“Marahaba. Yupo hapa kando yangu. Hataki kushika simu.”

“Haya.” Alitazama juu tena. “Basi mwambie, leo maji.”

Alisikia mwanamke akirudia neno, kisha kimya, na katika kimya hicho jogoo wa Ulyankulu akawika bila sababu. Kisha mnong'ono. Kisha Stela akarudi, na ilikuwa dhahiri anazuia kicheko.

“Anauliza, umefuta kioo?”

“Mwambie nimefuta,” alisema Advera, lakini mtandao ulikuwa umeshakatika, na hakujua kama neno hilo lilifika.